Wazee wa Baraza na Shimo Jeusi

Usiku mmoja mama alinitumia video ya dakika mbili kwenye WhatsApp. Shimo jeusi limeingia katika Mfumo wa Jua. Sayari zinamezwa moja baada ya nyingine kama mtu anayetafuna karanga, huku sauti nzito ya mwanamume ikisema zamu ya Dunia inakuja. Chini yake mama aliandika: "Mwanangu, hii ni kweli? Maana wewe ndiye msomi."

Nilikuwa nahangaika na sura ya pili ya tasnifu. Nikamjibu: "Hapana mama. Ni mambo ya fizikia, ni marefu, huwezi kuyaelewa kwa simu."

Akajibu neno moja: "Sawa."

Wiki hiyohiyo nilikuwa nasoma "The Hole Man", hadithi fupi ya Larry Niven, kwa ajili ya semina. Nilijikuta namchukia mhusika wake mkuu kuliko alivyostahili, na ilinichukua siku kadhaa kutambua sababu.

Hadithi hiyo ilitoka mwanzoni mwa mwaka 1974 katika jarida la Marekani liitwalo Analog, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Hugo ya hadithi fupi bora. Wanaanga wanafika Mirihi na kukuta kituo kilichoachwa na viumbe wasio wa Dunia. Ndani yake mna mtambo ambao mwanasayansi mmoja, Andrew Lear, anaamini ulitumika kupeleka habari kwa mawimbi ya mvutano. Anaamini pia kwamba katikati ya mtambo limefungiwa shimo jeusi dogo kuliko atomu. Kapteni Childrey hakubali. Yeye ni mtu wa utaratibu, Lear ni msahaulifu, na Kapteni hachoki kumkejeli. Mwishowe Lear anazima kile kinachoshikilia shimo lile. Linaanguka, linapita katika mwili wa Kapteni na kumuua, kisha linazama ardhini. Kuanzia hapo linakwenda na kurudi ndani ya Mirihi, likila kidogokidogo. Tangu mwanzo msimulizi ametuambia kwamba iko siku Mirihi haitakuwepo.

Ni rahisi kuisoma hadithi hii kama kitendawili cha upelelezi: ni silaha gani inayoua na kutoweka? Lakini kwangu kiini chake ni yale mazungumzo mafupi baada ya kifo. Msimulizi anajua kwamba haya ni mauaji, na Lear hana hofu. Kinga yake ni hii: atakayemshtaki atalazimika kwanza kulieleza baraza la mahakama, yaani watu wa kawaida, shimo jeusi ni kitu gani. Nani ataweza?

Hapo ndipo Niven alipogusa jambo kubwa kuliko Mirihi. Lear hajifichi nyuma ya uongo. Anajificha nyuma ya elimu. Anajua kitu ambacho wengine hawakijui, na badala ya kukieleza anakigeuza ukuta. Methali yetu husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Huyu amechimba, mwenzake ameingia, na yeye yuko salama kwa sababu hakuna mwingine anayejua kina cha kisima.

Nilipofika hapo nikakumbuka ujumbe wangu kwa mama. "Huwezi kuyaelewa kwa simu." Sikuua mtu, lakini utetezi wangu ulikuwa uleule wa Lear.

Kwa msomaji wa Kiswahili, jambo hili lina uzito wa pekee. Tanzania, mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi, kisha sekondari anahamishiwa Kiingereza. Wengi wetu tulijifunza neno la mvutano kwa lugha moja na kanuni yake kwa lugha nyingine, na mpaka leo hatujawahi kuvikutanisha. Lakini pia tunayo historia inayompinga Lear. Kwa miaka mingi kesi za mauaji katika Mahakama Kuu zilisikilizwa jaji akiwa na wazee wa baraza, raia wasiosomea sheria. Walisikiliza ushahidi wote na kutoa maoni yao, hata kama jaji hakufungwa nayo. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake. Hata hivyo, msingi wake ulikuwa kwamba jambo likielezwa vizuri, mtu mwenye akili timamu ataweza kulipima.

Basi swali la kihakiki ni hili: je, Lear alisema kweli? Shimo jeusi halielezeki kwa wazee wa baraza?

Nilimpigia mama Jumapili. Nilianza na neno lenyewe, kwa sababu nusu ya hofu imo humo. Tukisikia "shimo" tunaona mdomo wa kisima na mtu anayetumbukia. Nikamwambia hili ni donge la uzito uliobanwa mno. Jua lingebanwa hivyo bila kupungua uzito, lingekuwa mviringo wenye upana wa kilometa 6 hivi. Hata nuru isingeweza kutoka humo, ndiyo maana likaitwa jeusi. Na Dunia? Ingeendelea kulizunguka kwa njia ileile. Tungeona giza baada ya dakika 8 hivi, kisha ingekuja baridi ya kuua, lakini tusingemezwa.

"Kwa nini lisituvute zaidi?" akauliza.

Nikamwambia afikirie gunia la mkaa la kilo 50 na kifurushi cha misumari cha kilo 50. Kimoja kikubwa, kingine kidogo, lakini mbebaji anasikia uzito uleule.

"Kumbe linavuta kwa uzito wake, si kwa weusi wake," akasema. Katika semina yetu hakuna aliyeisema kwa ufupi hivyo.

Tukaendelea. Tuseme basi linakuja geni kutoka nje, lenye uzito wa majua kumi. Hilo nalo halihitaji kumeza kitu ili lituangamize. Sayari za mbali zingeanza kuyumba kwanza. Likikaribia zaidi, njia ya Dunia ingeweza kurefuka, tukaungua upande mmoja wa mwaka na kuganda upande mwingine, au tungetupwa nje kabisa, gizani. Video ile ilikosea aina ya msiba. Iliogopa kuliwa, wakati cha kuogopa zaidi ni kupotezwa njia. Lakini lililo karibu kuliko yote tunayoyajua, Gaia BH1, liko umbali wa miaka ya nuru 1,560 hivi, wala haliji kwetu.

"Na kama lingekuja lingine, mngelijuaje, nanyi mnasema halionekani?"

Hili ndilo swali la mahakamani, na jibu lake ndilo linalovunja utetezi wa Lear. Mwaka 1846 Urbain Le Verrier, Mfaransa, alikokotoa mahali ilipo sayari ambayo haikuwa imetambuliwa bado, kwa kuangalia tu jinsi Uranusi ilivyokuwa ikiyumba katika njia yake. Johann Galle akaelekeza darubini huko Berlin na kuikuta Neptuni karibu na mahali palipotajwa. Kisichoonekana hutolewa ushahidi na wale kinaowavuta.

Upo mfano wa karibuni zaidi. Mwaka 2019 wanafizikia Jakub Scholtz na James Unwin walipendekeza kwamba huenda mienendo ya ajabu ya baadhi ya magimba yaliyo mbali kuliko Neptuni inasababishwa na shimo jeusi la kale, lenye uzito wa Dunia kadhaa. Ni dhana tu, haijathibitishwa. Kilichonivutia ni kwamba ndani ya makala yao walichapisha duara jeusi na kusema: hili lenye uzito wa Dunia tano lina ukubwa huu hasa. Lina upana wa sentimeta 9 hivi, kama chungwa kubwa. Wangeweza kuweka milinganyo peke yake, lakini waliweka kitu ambacho mzee wa baraza yeyote angeweza kukifunika kwa kiganja.

Kwa hiyo naona udhaifu wa "The Hole Man" hauko kwenye fizikia. Uko kwenye jinsi hadithi inavyomkubalia Lear upesi mno. Childrey amechorwa kama mpumbavu mwenye cheo ili kifo chake kisituume, na wale wasiojua, wanaotajwa kwa dharau mara moja, hawapewi nafasi ya kusikiliza wala ya kuuliza. Hadithi inalipima shimo jeusi kwa makini lakini haiwapimi watu wa kawaida hata kidogo. Bado naipendekeza, kwa sababu ni hadithi chache zinazomwonesha msomi akisema waziwazi kile ambacho wengi wetu hukisema kwa upole: ninyi hamtaelewa, kwa hiyo sina hatia.

Kabla hatujakata simu nilimsimulia mama hadithi yote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Huyo aliyeua alifungwa?"

"Hapana, mama. Alisema hakuna mtu angeweza kuwaeleza mahakamani."

Akanyamaza kidogo. "Na huyo anayesimulia? Yeye si alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua."

"Basi angewaeleza," akasema.