'Uondoaji wa nitrojeni' ni istilahi pungufu

Juzi nikiwa Kangundo, mwanafunzi wa sekondari alinionyesha tafsiri ya maelezo kuhusu matangi ya maji ya chumvi ya kufugia samaki na matumbawe. Kazi ya bakteria wanaosafisha maji hayo imeitwa "uondoaji wa nitrojeni". Hapo nilikwama.

Hebu tufuate kemia yenyewe. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria wanaohitaji oksijeni huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Ndani kabisa ya mawe ya tangi, oksijeni haifiki. Bakteria wa humo, wakipata chakula chenye kaboni, huipokonya nitrati oksijeni yake hatua kwa hatua, hadi ibaki gesi ya nitrojeni, ambayo hupanda na kuingia hewani. Basi kinachomalizwa ni nitrati. Nitrojeni ndiyo zao! Ni kweli inayahama maji, lakini istilahi haituambii imetokana na nini.

Tena "kuondoa" kuna mkono wa mtu anayekusudia. Mwenye tangi anakusudia, sawa. Je, mkulima wa kahawa hapa Kangundo? Ametia CAN, mvua ikanyesha, maji yakatuama shambani. Bakteria wa aina hiyohiyo wanapeperusha sehemu ya mbolea aliyoinunua kwa jasho. Ameondoa nini huyu?

Mimi ningesema "ugesishaji wa nitrati". Najua unakwaruza ulimi kidogo, ila unafaa tangini na shambani pia. Mwanafunzi wangu aliuandika pambizoni, kwa penseli.