Juu ya neno "spill over"

Wandugu, Waingereza wako na neno spill over: kitu kinajaa, kinamwagika pembeni. Kwa maji, mi nalikubali. Ziwa Tanganyika liko na mlango mmoja tu wa kutokea, Lukuga, hapa kwetu. Cameron alipofika 1874, ule mlango ulikuwa karibu umezibwa na mchanga na majani. Ziwa likazidi kupanda, mpaka mnamo 1878 likapasua kizuizi, likamwagika kuelekea Lualaba. Neno linafaa kabisa, maji haina nia.

Ila ripoti nyingi zinasema pia vita ya Rwanda ya 1994 "ilimwagika" Zaïre. Hapo nakataa. Vita haina mteremko! Kufika 1996 kulikuwa watu waliovuka na bunduki, wengine waliopanga, wengine waliofungua njia. Ukiandika "imemwagika", nani utamuuliza?

Hata mafuriko ya 2024: ziwa lilipanda lenyewe, lakini parseli za kandokando hazikujikata zenyewe (agronome yeyote anajua). Basi mukitafsiri ripoti, wekeni "waliivusha", halafu mutafute jina la kuweka mbele yake.