Wazimu wa Nani? Nabii na Mfalme katika Picha za Makumbusho, Zikisomwa kutoka Kitale na Bungoma

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza uhusiano wa nabii na mfalme katika kazi chache za sanaa zilizohifadhiwa Ulaya, kisha yanautumia uchunguzi huo kukisoma kisa cha Elijah Masinde wa Kimilili, mwasisi wa Dini ya Msambwa. Huenda msomaji akauliza Babeli na Bungoma zinahusianaje. Masinde alilibeba jina la Eliya, nabii aliyemkabili mfalme Ahabu, naye alipitia misheni ya Friends kabla ya kutengana nayo. Hadithi za Agano la Kale zilikuwa tayari zimetiwa maana mpya kwenye miteremko ya Mlima Elgon kabla ya sisi wahakiki kuanza kuziandikia makala. Swali linalotuongoza ni hili: nabii na mfalme wanapokabiliana, nani ana mamlaka ya kumwita mwenziwe mwendawazimu?

2.0 Mfalme katika tofali

Nebukadneza wa Pili, aliyetawala Babeli tangu 605 hadi 562 K.K., hakumngoja msanii wa baadaye amtangaze. Jina lake lilipigwa mhuri kwenye matofali ya majengo yake, na matofali hayo sasa yametapakaa katika makumbusho ya nchi nyingi. Lango la Ishtar, lililofukuliwa na Wajerumani chini ya Robert Koldewey kati ya 1899 na 1917, lilijengwa upya katika Makumbusho ya Pergamon mjini Berlin na kuonyeshwa tangu 1930, hadi makumbusho hayo yalipofungwa mwaka 2023 kwa ukarabati wa miaka mingi. Juu ya matofali ya samawati wamepangwa mafahali na majoka. Kando ya Njia ya Maandamano wanatembea simba.

Uso wa mfalme haumo, wala hauhitajiki. Jengo zima linazungumza kwa nafsi ya kwanza. Fani yake ni ya majigambo: sifa, takriri na ukimya kuhusu waliofinyanga udongo. Hata hivyo, majigambo ya kwetu hutambwa mbele ya hadhira inayoweza kuguna, kucheka au kumjibu mtambaji. Tofali halijibiwi. Hapo ndipo sanaa ya mfalme inapoachana na fasihi simulizi.

3.0 Nabii asiyeonekana

Mnamo miaka ya 1636 hadi 1638 Rembrandt alichora karamu ya Belshaza, picha iliyomo katika National Gallery, London. Mfalme amegeuka kwa kishindo, kinywaji kinamwagika, na mkono unaandika ukutani kwa herufi za Kiebrania zinazong'aa. Danieli hayumo. Isitoshe, herufi zimepangwa kwa safu wima, kutoka juu kwenda chini, ilhali Kiebrania husomwa kwa mstari kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa mbinu hiyo mtazamaji anawekwa mahali pa wenye hekima wa Babeli: maandishi anayaona, kuyasoma hawezi. Nafasi ya nabii imeachwa wazi kwa sababu ni nafasi ya msomaji, na picha inamdai mtazamaji aijaze.

William Blake alikwenda mbali zaidi mwaka 1795. Katika picha yake ya Nebukadneza, ambayo nakala yake mojawapo imo Tate, London, mfalme anatambaa kwa mikono na magoti. Ndevu zinaburura, kucha zimekuwa za ndege, macho yamejaa hofu. Hapa pia nabii hayumo. Aliyejenga lango la samawati amepokonywa akili, na neno la Danieli limetimia katika mwili wa mfalme mwenyewe.

Yupo atakayepinga kwa kututajia dari ya Kanisa Dogo la Sistine, Vatikani, ambako kati ya 1508 na 1512 Michelangelo aliwachora manabii kwa maumbo makubwa yanayoonekana wazi. Pingamizi hilo lina uzito, ila tukimtazama Danieli wa Michelangelo tunamkuta katika kazi ya kuandika, kitabu kikubwa kikiwa kimeegemezwa juu ya kiumbe mdogo anayekibeba. Hata anapopewa sura, nabii anatambulishwa kwa maandishi.

4.0 Kisa kilichopinduliwa

Tukirudi Bungoma, tunakuta kisa cha Danieli kimegeuzwa juu chini. Katika kitabu kile mfalme ndiye anayepoteza akili na kufukuzwa miongoni mwa watu. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilimkamata Masinde, ikamhesabu kuwa mwendawazimu na kumpeleka katika hospitali ya Mathari, Nairobi, alikokaa hadi 1947. Mfalme hapa ndiye aliyeandika, na aliyeandikwa ni nabii.

Mwezi Septemba 1947, baada ya kuachiliwa, Masinde aliwakusanya maelfu ya wafuasi huko Chetambe, karibu na Webuye, kuwakumbuka Wabukusu waliouawa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Kumbukumbu ya wafu waliouawa kwa bunduki ni tendo lenye mantiki timamu. Serikali iliyoliona kuwa wazimu ilikuwa inajilinda dhidi ya maana yake. Mwezi Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Malakisi, wakawaua 11. Dini ikapigwa marufuku, na Masinde akapelekwa uhamishoni Lamu. Hakuachiliwa hadi 1961.

Lakini mhakiki asikimbilie kumgawa mfalme na nabii kwa rangi ya ngozi. Serikali ya Kenya huru nayo iliipiga marufuku Dini ya Msambwa mwaka 1968, na Masinde alirudi gerezani zaidi ya mara moja kabla ya kufariki mwaka 1987. Ufalme tunaouzungumzia ni cheo katika muundo wa kisa, na cheo hicho hukaliwa na yeyote.

5.0 Kitale na swali la kabati

Makumbusho ya Kitale yalitokana na mkusanyo ulioanzishwa mwaka 1926 na mlowezi Hugh Stoneham: wadudu, ndege, vitabu na vifaa vya wenyeji. Baada ya kifo chake mwaka 1966 mkusanyo huo ulirithiwa na taifa, na mwaka 1974 ukafunguliwa kuwa makumbusho ya kwanza ya Kenya ya bara nje ya Nairobi. Katika miaka ileile ambayo vipepeo walikuwa wakitungwa kwenye pini mjini Kitale, nabii wa Kimilili alikuwa akipewa jina la ugonjwa.

Je, nabii anaweza kuwekwa katika kabati? Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya *Kinjeketile* (1969), alituonyesha neno linalomponyoka mtoaji wake na kufanya kazi asiyoitarajia. Neno la namna hiyo haliwezi kutungwa kwenye pini. Fimbo au kanzu ya nabii ikiwekwa peke yake nyuma ya kioo itamgeuza kuwa kielelezo cha spishi.

Njia ifaayo ni kuweka matini mbili ubavu kwa ubavu: faili ya serikali na ushuhuda wa wazee. Kitabu cha Danieli kinamwita Belshaza mwana wa Nebukadneza; silinda ya udongo iliyomo British Museum inamtaja kuwa mwana wa Nabonidus. Masimulizi yanaweza kukosea nasaba na bado yakashika ukweli wa dhuluma; hati inaweza kupatia tarehe na kuuficha ukweli huohuo.

6.0 Hitimisho

Imedhihirika kwamba Rembrandt na Blake walifaulu kwa kuonyesha athari ya neno la nabii juu ya mtawala. Kigezo hicho kinafaa kwa Masinde pia. Wazee waliosikia kwa masikio yao yaliyotokea Chetambe na Malakisi wanazidi kupungua, ilhali faili zinatunzwa vizuri. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada wanahimizwa waende Kimilili wakiwa na vinasa sauti, kabla neno "mwendawazimu" halijabaki kuwa ushahidi pekee.