Patasi ya Unguja Inayostahili Kufika Inami

Ukitaka kuujua mkono wa fundi wa nakshi, usianze na ua. Anza na pale palipochimbwa, nyuma ya ua. Ua hulipendeza jicho upesi na kusamehewa mengi. Pale chini patasi imepita mara nyingi mno, na kila pigo lilitakiwa likome kwenye kina kilekile. Katika miimo ya milango mikongwe ya Mji Mkongwe kina hicho si kikubwa, lakini jua la alasiri likiingia kichochoroni kwa pembeni, kivuli hujaa humo na mti huonekana kama uliosukwa.

Kazi yenyewe haiharakishwi. Zamani msaji uliletwa kutoka India na Burma. Siku hizi fundi anashika mvule, mninga au mfenesi. Ubao lazima ukauke, maana ukichongwa mbichi utapinda na nakshi itapasuka. Kisha penseli na bikari: waridi ndani ya duara, mnyororo ukingoni, samaki, mtende. Mipaka hukatwa kwanza kwa patasi na nyundo ya mti, ndipo uchimbaji uanze, na bobari huingia penye mviringo. Mimi huweza kusimama muda mrefu nikitazama fundi anavyogeuza ubao badala ya kugeuza mkono, ili afuate nyuzi za mti. Akizipinga, kipande kitaruka, na jani lililoruka halirudi.

Ilikuwa desturi fremu isimamishwe kwanza, kuta zijengwe kuifuata. Mlango ulikuwa na mbao mbili, mlango dume na mlango jike, na mfaa katikati pale zinapokutana. Kizingiti cha juu cha mtindo wa Kiomani kilinyooka. Katika zama za Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, yakaja matao juu ya mlango na majani yaliyosongamana kwa mkono wa Kihindi. Njumu za shaba nazo zina asili ya Bara Hindi. Nakshi tunayoiita yetu, na ni yetu kweli, ilikuzwa na mafundi waliovuka bahari, wakakaa, wakafanya kazi bega kwa bega na wenyeji.

Ndiyo maana nasema fundi kijana wa Unguja anayeomba msaada wa kukaa Japani miezi kadhaa haombi jambo la ajabu. Na ningemwelekeza mahali mahususi: Inami, mji mdogo katika mkoa wa Toyama. Hekalu lake la Zuisenji lilianzishwa mwaka 1390. Lilipoungua katika karne ya 18, mchongaji Maekawa Sanshiro alitumwa kutoka Kyoto kushiriki kulijenga upya, na maseremala wa pale wakajifunza kwake. Uchongaji wa Inami, unaosifika Japani nzima, umetokana na fundi mgeni aliyekaa na wenyeji. Karakana zimejipanga kando ya barabara ya mawe inayoelekea hekaluni, na mlio wa patasi na nyundo unasikika hadi nje. Mwaka 1996 serikali ya Japani ilipochagua sauti 100 za nchi za kuhifadhiwa, mlio huo ulikuwamo.

Fundi wetu hahitaji kwenda kunakili joka wala simba wa Inami. Nakshi ya Unguja imekaa zaidi na mimea, nyota na maandishi, na ibaki hivyo. Cha kutazama ni kina. Wajapani wana ubao wa nakshi uitwao ranma, unaowekwa juu ya milango ya kuteleza, kati ya chumba na chumba. Mafundi wa Inami huuchonga pande zote mbili na kuutoboa mpaka hewa na mwanga vipite, na kila upande una picha kamili. Mchongaji wa pale hutumia zaidi ya aina 200 za patasi na visu. Wetu wengi wana chache, na baadhi zimefuliwa kutoka tupa kuukuu. Kwa hizo chache wanafanya maajabu, lakini ni haki yao kushika nyingine na kujua kila moja inafika wapi.

Na kazi ipo nyumbani: sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la kihistoria la Mji Mkongwe, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Jengo kama lile, lililojengwa mwaka 1883, linapofufuliwa, linahitaji watu wanaoweza kusoma patasi ya fundi wa zamani na kuendeleza pale alipoishia. Hekalu la Zuisenji limeungua na kujengwa tena zaidi ya mara moja, na mji mzima umejifunza kazi hiyo kwa kuifanya. Hilo ni somo ambalo picha za simu haziwezi kulifundisha.

Sasa pesa. Wapo wafadhili wa ziara za wasanii wanaolipa tiketi na malazi, basi. Fundi wa nakshi halipwi mshahara. Hulipwa kwa mlango. Akiondoka miezi mitatu, jiko la nyumbani kwake linazimika miezi mitatu, na mteja anahamia karakana nyingine. Kwa mpango huo atakwenda asiye na familia, na fundi mwenye mkono uliokomaa atabaki. Kwa hiyo bajeti ya ombi iandikwe hivi: posho ya nyumbani mstari wa kwanza, patasi za kurudi nazo mstari wa pili, tiketi mstari wa tatu.