Nta ilikuwa imeshakataa maji

Mliokuwa nasi kwenye lile somo la mfano la Gredi ya 5, upande wa Makueni, mlimwona mtoto wa safu ya pili. Alichora mbuyu kwa krayoni nyeupe juu ya karatasi nyeupe, akikandamiza mpaka krayoni ikakatika, akaendelea na kipande. Hakuna aliyeuona mbuyu ule. Kisha akapitisha brashi yenye rangi nyepesi ya buluu, na mbuyu ukajitokeza: shina nene, matawi, na ndege wawili ambao hata sikujua amewachora. Rangi iliteleza juu ya nta ikabaki matone matone. Mtoto alibaki mdomo wazi.

Hapo ndipo mwalimu aliposema, "Rangi haijashika. Ongezeni rangi ya unga, mfunike hayo madoa meupe."

Uamuzi ule ulikuwa kosa, nao ndio ulioliangusha somo zima. Maandalizi yalikuwa mazuri: magazeti mezani, mikebe miwili ya maji kwa kila kundi, dakika 35 zimegawanywa kwa akili.

Madoa yale hayakuwa kasoro. Nta na maji havipatani, na huko kutopatana ndiko mbinu yenyewe tunayoifundisha. Rangi ikiwa nyepesi kama strungi huikimbia nta ikaenda kunywewa na karatasi. Ukiifanya nzito kama uji, inakaa juu ya nta kwa uzito wake, inakaukia pale, na kesho yake inabanduka magamba magamba mtoto akikunja karatasi aipeleke nyumbani. Kwa hiyo hata kwa lengo lake mwenyewe, lile la kuifanya rangi ishike, agizo lilikuwa baya.

Nilimtazama mtoto yule. Vijiko viwili vya rangi ya unga viliingia mkebeni. Alimwangalia mwalimu mara moja, akachovya, akaanza na ndege. Picha zilipotundikwa ukutani, karibu zote zilikuwa buluu tupu, na mbinu mseto imegeuka kuwa mbinu moja.

Mtanisamehe nikirudia jambo langu la siku zote. Ile hofu ya kuacha karatasi ikiwa nyeupe haikuzuka darasani pale. KCPE ilipoacha kutahini Sanaa na Ufundi, shule nyingi zilifungia brashi kabatini, na walimu wengi wa leo walipita shuleni katika pengo hilo. Walichobaki nacho ni kupaka ndani ya mstari na kujaza karatasi yote. Sasa uchoraji umewekwa kapu moja na muziki na michezo, na ninayaona madarasa ambako brashi haishikwi hadi muhula unakaribia kwisha. Nililalamika masomo hayo yalipounganishwa, na bado nalalamika.

Waliotutangulia hawakuwa na hofu hiyo. Margaret Trowell aliishi Ukambani kabla ya kuhamia Uganda, ambako mwaka 1937 alianzisha masomo ya sanaa Makerere. Aliwasimulia wanafunzi kisa, kisha akawaacha wachore walichokiona kichwani. Mikononi mwake alipita Elimo Njau, yule aliyechora kuta za kanisa la Murang'a mwaka 1959 na kuanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, na ambaye maisha yake yote alipiga vita kunakili. Wale walijua wakati wa kuuzuia mkono wao.

Hata mwalimu wangu wa darasa la sita kule Kitui alijua, naye hakuwahi kukanyaga Makerere. Alikuwa na vipande vya mshumaa na wino wa buluu aliouzimua kwa maji ya mtungi. Picha yangu ilipotoa madoa nilitaka kuyaziba. Akaichukua brashi mkononi mwangu, akaiweka dirishani. "Iache ikauke."

Ndivyo ilivyopasa kufanywa kule Makueni pia: picha ikae juani, na muda uliopotea kwa kufunika utumike kwa tabaka la tatu. Udongo mwekundu uko nje ya mlango. Ukiusaga, ukauchuja kwa kitambaa na kuuchanganya na gundi ya mgunga iliyolowekwa, unapata rangi ya ardhi ya kuweka chini ya mbuyu ule, mahali pasipo na nta. Gundi ya aina hiyo ndiyo inayotumika hata kwenye rangi za maji za dukani. Mkaa nao ungefaa kwa vilima vya mbali. Hapo watoto wangeshika vitu vinne vyenye tabia nne, bila shilingi ya ziada.

Kabla rangi haijakauka, yule mtoto aliigeuza brashi, akaanza kukwangua kwa ncha ya mpini pale alipokumbuka ndege mmoja alikuwepo. Bawa moja lilikuwa limeshaonekana, jeupe, wakati mwalimu alipokusanya karatasi.