Mshtaki ni Nani? Maneno ya Kesi ya Hague katika Kiswahili

Mambo ya siasa yaliyofuata kesi ya wakuu wa Kenya mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko Hague, tangu mwaka 2010 hata 2016, yamekwisha kuelezwa na waandishi wengi, wala hatuna nia ya kuyarudia yote. Makusudi ya makala hii ni kuyahakiki maneno ya Kiswahili yaliyozichukua habari hizo kutoka Uholanzi hata zikamfikia msikilizaji wa Mombasa, wa Mwanza na wa Kibamba. Twaona kwamba sehemu isiyo ndogo ya siasa yenyewe ilifanyika ndani ya maneno, na kwamba lugha yetu, ambayo wengi waliidhani kuwa chombo tu cha kupokelea habari, ilikuwa na mkono wake katika kuamua nani aonekane ameonewa.

Yafaa kwanza kumkumbusha msomaji mfuatano wa mambo. Uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007 ulifuatwa na mauaji. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na mamia ya maelfu walifukuzwa makwao. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008 kwa usuluhishi wa Kofi Annan, na Watanzania wawili walikuwapo: Benjamin Mkapa katika jopo la wasuluhishi, na Rais Jakaya Kikwete aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Bunge la Kenya lilipokataa mwezi wa Februari 2009 kuunda mahakama maalum ya nyumbani, shauri likaelekea Hague. Tarehe 15 Desemba 2010 Luis Moreno Ocampo aliwataja watu sita. Mwezi wa Januari 2012 mashtaka yakathibitishwa juu ya wanne, na Uhuru Kenyatta na William Ruto wakiwa miongoni mwao. Wawili hawa mwaka 2007 walikuwa pande mbili zilizopingana. Machi 2013 waligombea pamoja, wakapata asilimia 50.07 ya kura, na mshtakiwa akaapishwa kuwa Rais.

Tuanze na jina alilopewa mtu mwenyewe. Magazeti ya Kenya yalipenda kusema mshukiwa. Ya Tanzania yalipenda mtuhumiwa. Na wote pamoja walisema mshtakiwa kila walipochoka na lile jingine. Maneno haya matatu yalitumiwa kana kwamba ni visawe, ilhali sheria ya Mahakama ile hutenganisha hatua: kuna mtu anayechunguzwa, na kuna mtu ambaye mashtaka juu yake yamekwisha kuthibitishwa na majaji. Mshukiwa latokana na shuku, yaani shaka iliyo moyoni mwa mwingine. Mtuhumiwa latokana na tuhuma, na tuhuma imekwisha kutamkwa kinywani. Mshtakiwa ndiye aliyepelekwa mbele ya hakimu. Hii ni ngazi iliyo kamili, moyo, kinywa, baraza, na lugha yetu ilikuwa nayo tayari bila kuhitaji kuunda neno lolote jipya. Walakini haikutumiwa. Mtu aliitwa mshukiwa mwaka 2010, na mwaka 2014, akiwa amekwisha kuthibitishiwa mashtaka, bado aliitwa mshukiwa. Na msikilizaji akawa na haki ya kuuliza ni shuku gani hii isiyokwisha miaka minne. (Twaona pia, kwa kupita, kwamba shukiwa ni umbo la vitenzi viwili, shuku na shuka, hata mtu asiyejua habari angeweza kudhani kwamba mshukiwa ni yule aliyeshukiwa na pepo. Kwa namna watu walivyokusanyika kuwaombea wakuu hawa katika mikutano ya siasa, pengine dhana hiyo haikuwa mbali sana.)

Hapa Kibamba, kando ya barabara ya Morogoro, mahali palipokuwa katika Wilaya ya Kinondoni wakati kesi ikiendelea na ambapo sasa ni Wilaya ya Ubungo, watu hawasemi mshukiwa wala mtuhumiwa. Husema: ana kesi. Kauli hii hupuuzwa na wataalamu kuwa ni ya mitaani, lakini yastahili kutazamwa. Mtu ana kesi kama alivyo na homa, au deni, au mguu mbovu. Kesi imekuwa mali yake, tena mali ya taabu. Na mwenye taabu hupewa pole. Katika sentensi hiyo fupi hakuna aliyeshtaki, wala hakuna aliyetendewa. Tunadhani kwamba wanasiasa wa Kenya walilielewa jambo hili mapema kuliko mawakili, kwani kampeni ya 2013 ilijengwa juu yake: wagombea wawili wenye kesi, na taifa likaombwa liwape pole kwa kura.

Lakini shida kubwa zaidi iko katika neno shtaki lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kunung'unika, kupeleka malalamiko kwa mkubwa. Katika Kiswahili cha kawaida anayeshtaki ni aliyeumizwa: mtoto humshtaki mwenzake kwa mama, jirani humshtaki jirani kwa mjumbe. Shtaki bila jeraha ni fitina. Basi sheria ya jinai, tuliyoipokea kutoka kwa Waingereza, ilimwondoa aliyeumizwa mahali pake na kumweka mwingine. Katika mahakama za Tanzania mahali hapo huketi Jamhuri, na aliyeumizwa amekuwa shahidi tu. Watu wameizoea hali hiyo kwa sababu Jamhuri ni yao, au angalau wameambiwa hivyo.

Je, ikiwa anayeshtakiwa ndiye mkuu wa Jamhuri? Hapo sarufi yenyewe yakwama. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 46, yaliepuka swali kwa kukataza Rais asishtakiwe kwa jinai muda wote awapo madarakani. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 143, yampa Rais kinga kama hiyo, lakini yaiondoa kwa makosa yaliyo chini ya mkataba ambao Kenya imeukubali na ambao wakataa kinga ya namna hiyo. Na Mkataba wa Roma ni wa namna hiyo hasa. Kwa hiyo kesi iliandikwa Hague kwa jina la Mwendesha Mashtaka dhidi ya Uhuru Muigai Kenyatta. Mahali pa mshtaki pakaandikwa jina la kazi. Mwendesha mashtaka si mshtaki. Ni mtu anayeendesha, kama aendeshavyo gari la mwenziwe. Magazeti ya Kenya husema pia kiongozi wa mashtaka, na neno hilo halisaidii zaidi, maana kiongozi huwa na wafuasi. Msikilizaji akabaki na pengo: kama huyu anaendesha tu, mwenye shtaka ni nani?

Pengo hilo halikukaa wazi muda mrefu. Waliotajwa waliitwa sita wa Ocampo, na kwa kirai hicho kidogo cha umilikishi wakawa mali ya Mwargentina, mateka wake. Ocampo alipompisha Fatou Bensouda wa Gambia mwezi wa Juni 2012, Mwafrika akashika usukani, lakini jibu lilikuwa limekwisha kukaa katika masikio ya watu: mwenye shtaka ni mgeni. Mwezi wa Oktoba 2013 wakuu wa Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, waliazimia kwamba mkuu wa nchi aliye madarakani asifikishwe mbele ya mahakama ya kimataifa. Mwezi uliofuata ombi la kuahirisha kesi lilishindwa katika Baraza la Usalama, nchi 7 zikiunga mkono na 8 zikijizuia. Hatusemi kwamba neno moja lilileta yote hayo. Twasema kwamba lilifungua mlango, na walioingia walikuwa wanasiasa hodari.

Neno kinga nalo lahitaji uangalifu. Kinga hukinga mvua au pigo, yaani kitu kijacho kutoka nje. Asiyefanya kitu na aliyefanya wote hukingwa sawasawa. Hakuna ubaya katika hilo, maadamu tunajua ni nini kinachokingwa, kiti au mtu. Jibu zuri kuliko yote lilitolewa kwa kitendo tarehe 6 Oktoba 2014, Uhuru Kenyatta alipolitangazia Bunge kwamba atamkabidhi Ruto madaraka kwa siku za safari yake, naye atakwenda Hague kama raia. Tarehe 8 Oktoba alifika barazani, mkuu wa kwanza wa nchi aliye madarakani kufanya hivyo. Akarudi kupokewa na umati. Kaimu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni asimamaye. Na aliyesimama mahali pa mshtakiwa siku ile alikuwa mshtakiwa mwingine katika mahakama ile ile. Walioandika habari hii kwa Kiswahili waliona ajabu ya safari, lakini wachache sana waliona ajabu ya neno.

Kesi ya Kenyatta iliondolewa na Bensouda tarehe 5 Desemba 2014. Ya Ruto na Joshua Sang ilisimamishwa na majaji tarehe 5 Aprili 2016, nao walisema wazi kwamba uamuzi huo hauzuii mashtaka kufunguliwa tena. Kuondoa shtaka ni kazi ya aliyelileta; kusimamisha kesi ni kazi ya majaji; kumwona mtu hana hatia ni jambo la tatu, nalo halikutokea katika kesi hizi. Kusema kwamba wote waliachiwa huru ni kuandika hukumu ambayo mahakama haikuiandika. Mwandishi wa gazeti aweza kusamehewa, kwa kuwa ana haraka. Sisi tunaotunga kamusi hatuna udhuru huo, hasa tangu 2021, Bunge la Tanzania lilipopitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Limebaki neno moja, nalo ndilo lililotusukuma kuandika. Watanzania husema waathirika. Wakenya husema waathiriwa. Sisi wa upande huu tumezoea kuicheka ile -iwa ya Wakenya, tukiiona nzito na isiyo na ladha. Katika jambo hili wao ndio walio sawa. Kilichoathirika kimeathirika tu, kama kikombe kilivyovunjika. Lugha haitudai tumtaje mvunjaji. Aliyeathiriwa ameathiriwa na mtu, na hata asipotajwa, kiambishi chenyewe chamngoja. Kadhalika tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, liliteketea na watu waliokimbilia ndani: aandikaye kwamba liliungua ameandika habari ya moto, na aandikaye kwamba lilichomwa ameacha nafasi baada ya neno lake, mahali pa kiunganishi na pa jina la mtu, na katika daftari za Hague nafasi hiyo bado i tupu.