Ufundi wa Kuunganisha

Pale Salamabila, mkoani Maniema, nilimtazama mzee mmoja anayetunza jenereta ya kituo cha afya. Alichovya fimbo ndani ya pipa la mazutu, akaitoa, akapima kwa kidole mahali unyevu ulipoishia. Muuguzi akamuuliza, "Mzee, mazutu itatufikisha Jumapili?" Hakumjibu. Alimgeukia kwanza kijana wa lori aliyekuwa akila kivulini, akataka kujua habari za matope, za kivuko, na kama simu zilikuwa zikishika huko alikopita. Ndipo akamrudia muuguzi: "Itatufikisha, mama, ila taa za usiku tuzizime mapema. Friji ya chanjo ndiyo kwanza."

Mafuta, barabara, simu na chanjo kwake ni hesabu moja, naye huipiga bila karatasi. Wataalamu wa nchi zenye maabara wamesumbuka miaka mingi kuifundisha kompyuta hesabu hiyohiyo. Mtaalamu wa umeme ana simuleta yake, yaani programu ya kompyuta inayoiga mwendo wa mitambo yake, wa maji ana yake, wa simu na wa barabara vilevile. Kila moja husema kweli nyumbani kwake, lakini haioni kinachotokea kwa jirani. Hatari ya kutomwona jirani ilijionyesha usiku wa tarehe 28 Septemba 2003: waya mkubwa wa umeme nchini Uswisi ulipitisha moto kwenye mti, na haikuchukua hata nusu saa karibu Italia yote ikaingia gizani, treni zikakwama na abiria ndani. Miaka miwili kabla yake, Wamarekani watatu, Rinaldi, Peerenboom na Kelly, walikuwa wameandika kwamba mitambo ya nchi hutegemeana kwa njia nne: kwa kupeana vitu, kwa kupeana habari, kwa kukaa mahali pamoja, na kwa maamuzi ya watu. Salamabila inaijua vizuri hiyo ya nne. Mgodi wake wa dhahabu wa Namoya ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, ukasimamishwa mwaka 2019 kwa sababu ya usalama, dhahabu ikiwa bado ardhini.

Katika ufundi huu wa kuunganisha simuleta, jambo moja linanigusa kuliko mengine yote, nalo ni namna zinavyongojeana. Simuleta ya umeme huhesabu vipande vidogo vya sekunde, ya maji huhesabu saa, ya barabara huweza kuhesabu siku nzima. Ukiziachia zikimbie kila moja kwa mwendo wake, ile yenye haraka itafika Alhamisi huku habari ya daraja lililovunjika Jumanne ikiwa bado njiani, na yote iliyoyahesabu baada ya hapo yatakuwa uongo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, wanasayansi wa kompyuta Chandy na Misra, na Bryant kwa upande wake, walipata dawa. Hakuna anayesonga mbele mpaka kila jirani amwahidi: "Sitakuletea jambo lolote kabla ya saa fulani." Hata jirani asiye na habari yoyote analazimika kutuma ahadi hiyo. Ujumbe wenyewe ni mtupu, umebeba saa peke yake, lakini bila huo wote wanaweza kukaa wakitazamana milele. Nimeusoma utaratibu huu mara nyingi na kila mara naona ndani yake heshima: hata usipokuwa na kitu, mwenzako anayekungojea ana haki ya kujua.

Maniema iliijua heshima hiyo zamani. Reli ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, ilifunguliwa mwaka 1911 ili mizigo ipite kando ya sehemu ambazo mto Lualaba haupitiki kwa meli. Toka Kongolo mizigo ilipanda meli hadi Kabalo, na kuanzia mwaka 1915 ikaendelea kwa treni mpaka Albertville, Kalemie ya leo. Treni ilingoja meli, meli ikangoja treni. Na kwa kuwa njia ilikuwa moja, shefu wa stesheni hakuwa na ruhusa ya kuachia treni mpaka stesheni ya mbele imjibu kwamba njia ni nyeupe. Siisifu dola ya kikoloni ambayo chini yake reli ile ilijengwa kwa jasho la watu wetu. Nawasifu watu waliokaa kwenye viungo, wakajua kwamba kazi yao haikuishia mlangoni pa ofisi yao.

Leo kila mradi huja peke yake. Huyu analeta bomba, yule paneli za sola, mwingine antena. Vibao vyao vimesimama bega kwa bega kando ya barabara, lakini wenyewe hawajawahi kuketi meza moja. Pampu inazinduliwa kwa ngoma, kisha mvua inakata barabara, mazutu inakwisha, na akina mama wanarudi mtoni na ndoo zao. Tunasema pampu mbovu, wakati pampu ni nzima. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza maswali ya yule mzee. Wazee wa aina yake wanapungua, na hesabu zao wanaondoka nazo.

Enyi vijana mnaosoma uhandisi Kindu na Bukavu, programu za kuunganisha simuleta zipo, na baadhi zinapatikana bure. Lakini hazijui mvua ya eneo la Kabambare hukata njia wapi, wala nani huzima taa ili chanjo isiharibike. Nendeni mkaulize na kuandika, wenye kujua wangali hai. Nawe unayeleta mradi, kabla hujachimba msingi taja unategemea nini, na nani atautegemea. Ukishindwa kutaja, hujawa tayari kujenga.